Msaada wa mjane upitie wapi: ukoo, kikundi, nyumba ya ibada au TASAF?

Kikao cha mwisho cha ukoo wetu kilikaa chini ya mwembe, Ipuli, mjini Tabora, Jumapili baada ya ibada. Ajenda ilikuwa moja: mjane wa binamu yetu anayeishi kijijini Uyui na watoto wanne, mkubwa akiwa ameanza sekondari. Upande mmoja ulisema, "Huyo yuko TASAF, tuchange ya nini tena?" wakimaanisha mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Upande wa pili ukasema kuiachia serikali mke wa ndugu yetu ni kumzika marehemu mara ya pili. Baba mkubwa alisikiliza mpaka sauti zikapungua, kisha akasema hataki kujua nani ana huruma zaidi. Anataka kujua mwakani siku kama hii watoto hao watakuwa wanakula kwa nani.

Nimeandika haya kwa wanaokaa katika vikao vya namna hiyo na hawajui washike njia ipi. Niseme mapema nilipo. Mimi ni mtu wa mila. Naamini wa karibu ndiye aanze, mwenye nguvu afanye kazi, na jasho la mtu lisigawanywe bila yeye kuulizwa. Nimeshuhudia pia wa karibu wakishindwa kabisa, na wa mbali wakiokoa. Kwa hiyo nimejitahidi kuzipima njia zote nne kwa mizani moja.

Tunapima nini

Maswali ni matano. Nani anatoa, na je, ana nafasi ya kukataa? Nani anaamua kwamba huyu anastahili, na anamjua kiasi gani? Anayepokea anadaiwa nini? Anabaki na heshima yake? Na mwisho, msaada unadumu mpaka lini, na unahimili shida ya ukubwa gani?

Swali la kwanza ndilo watu hulipita haraka, na kwetu hapa halipaswi kupitwa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua analijua vizuri. Amechukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika, amelima, amekausha, amefunga marobota, amemaliza deni lake. Siku ya malipo anakuta amekatwa fedha kufidia deni la mwenzake wa kundi moja aliyetorosha tumbaku au aliyelala msimu mzima. Ukimwambia mkulima huyo habari za mshikamano atakutazama tu. Si mchoyo. Anachouliza ni nani alimwomba ridhaa. Mazungumzo yoyote ya kusaidiana yanayomsahau anayebeba yatavunjika mapema.

Ukoo

Mtoaji. Hapa anayetoa anamjua anayepewa kwa jina la utotoni, na hakuna njia nyingine yenye utajiri huo. Ila ridhaa yake ina mipaka. Daftari la michango likisomwa mbele ya wazee, ni nani atasimama aseme hana? Mzigo nao haugawanyiki sawa. Katika koo nyingi wapo wawili watatu wenye mshahara, mwalimu, nesi, askari, na hao ndio wanaopigiwa simu kila kitu kikitokea, kuanzia homa ya mtoto hadi sanda. Nawajua vijana waliobadilisha laini ya simu kwa sababu hiyo hiyo. Ukidai haki kwa mjane, mdaie na huyo nesi.

Mwamuzi. Wazee wanajua nani aliuza shamba akalinywea na nani alimaliza mali kumuuguza mumewe. Ujuzi huo hakuna dodoso linaloufikia. Lakini wazee hao hao wana vinyongo. Mjane aliyewahi kukorofishana na mawifi, aliyetoka kabila jingine, au ambaye hakuzaa na marehemu anaweza kunyimwa kwa makosa yasiyohusiana kabisa na njaa yake.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa mila tunapojikwaa. Tunazungumza mchango wa elfu kumi kumi huku shamba la marehemu limeshagawanywa kati ya kaka zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kushika na kutumia ardhi. Na hata sheria isingesema, mtu anayejiita mlinzi wa familia ataanzaje kwa kuivunja familia yenyewe? Mjane mwenye ekari zake tatu za mahindi na karanga atahitaji mchango wetu mwaka mmoja, labda miwili. Aliyenyang'anywa atauhitaji mpaka anaingia kaburini. Kikao cha ukoo kikitaka kusaidia, kianze na shamba, kipige hesabu za fedha baadaye.

Deni la mpokeaji. Halijaandikwa, lakini lipo: kulima, watoto wasiache shule, kuonekana kwenye misiba ya wenzako, kuleta michembe ya viazi au kibuyu cha asali msimu ukiwa mzuri. Deni hilo ni zuri, linamfanya anayepokea abaki mwanaukoo mwenye mkono wake. Linaharibika pale mtoto wa marehemu anapochukuliwa "kusomeshwa" mjini akageuzwa mtumishi wa ndani asiye na mshahara.

Heshima. Inategemea ulimi wa watoaji. Chakula kinacholetwa kimya kimya usiku ni heshima. Chakula kile kile kikitajwa kwenye kila harusi kinakuwa kitanzi.

Kudumu. Huu ndio udhaifu mkubwa. Mvua ikigoma Uyui, imegoma kwa ndugu wote wa Uyui kwa siku moja. Ukoo wote ukiwa unalima zao moja, eneo moja, hauwezi kuwa bima ya mtu. Njia hii inaufaa ukoo uliotawanyika, wenye wakulima, wafanyabiashara na waajiriwa, na wenye mtu mmoja anayeandika kila senti.

Kikundi

Nazungumzia vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na vya hisa, pamoja na vile vya kufa na kuzikana ambavyo karibu kila mtaa wa Tabora unavyo.

Mtoaji. Kwa upande wa ridhaa, hakuna njia safi kuliko hii. Umesoma katiba, umetia saini, unanunua hisa zako kila wiki mbele ya wenzako. Kwa kawaida ni watu kati ya 15 na 30, sanduku moja lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii, ambao mwanachama akifiwa au akiuguliwa anapewa bila riba au bila kurudisha, kulingana na katiba yao.

Mwamuzi. Ni katiba, halafu macho ya wenzako. Mvivu hujulikana ndani ya miezi miwili.

Deni la mpokeaji. Rejesho na riba, na riba hiyo inarudi kwa wanachama wenyewe mwisho wa mzunguko wakati wa mgao. Heshima haina tatizo, kwani anayekopa leo ndiye aliyemkopesha mwenzake juzi. Mwanamke anayetoka kwenye mgao na fedha aliyoiweka mwenyewe anatembea tofauti, na nimemwona akitembea hivyo.

Kudumu. Hapa naomba msomaji asidanganyike na uzuri wa sanduku. Kwanza, kikundi kinamwacha nje yule aliye chini kabisa. Asiye na fedha ya hisa haingii, na akiingia, faini za kuchelewa zinamtoa. Pili, uaminifu wa watu watatu ndio kufuli halisi. Mimi niliwahi kuwa mwanachama wa kikundi ambacho mweka hazina alihama na fedha za mzunguko mzima wiki mbili kabla ya mgao. Tuliokuwa na mishahara tuliumia tukapona. Mama mmoja muuza karanga alikuwa ameweka humo fedha ya kuezeka nyumba, na msimu wa mvua ulimkuta na nyasi zile zile. Siku hizi Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe. Vimewekwa daraja la nne la watoa huduma hizo. Uliza cheti kabla ya kuuliza bei ya hisa.

Kikundi kinamfaa mwenye kipato kidogo kinachorudi rudi: mchuuzi wa sokoni, mama lishe, fundi cherehani, mfuga kuku.

Nyumba ya ibada

Mtoaji. Anatoa kwa imani, na hilo lina nguvu ambayo kodi haina. Katika Uislamu zaka ni ya lazima: asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kilichowekwa, na kukaa mwaka mzima, na kwa mazao yanayolimwa kwa mvua kama ya kwetu ni sehemu ya kumi yakifikia kiwango. Kwa Wakristo kuna fungu la kumi, sadaka na matoleo ya jumuiya ndogo ndogo.

Mwamuzi. Kitu kinachonivutia ni kwamba dini zote mbili zimepanga foleni. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mjane mwenye watoto au wajukuu atunzwe kwanza na hao, kanisa lisilemewe, libaki na nafasi ya kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Mtume Muhammad naye anafundisha kwamba sadaka kwa ndugu wa damu inahesabiwa mara mbili: ni sadaka, na ni kuunga undugu. Qur'ani inataja makundi manane ya wanaostahili zaka, yakianza na mafukara na maskini. Kwa hiyo wa karibu kuanza si ubinafsi wa mtu wa mila. Ni mpangilio wa zamani sana wenye hekima ya kutomwacha asiye na mtu.

Deni la mpokeaji. Ni dogo, na wakati mwingine ndilo tatizo. Maneno ya Paulo kwa Wathesalonike, kwamba asiyetaka kufanya kazi na chakula asile, husomwa mara chache siku ya kugawa unga. Kumbuka lakini kwamba amesema asiyetaka. Asiyeweza ni mtu mwingine.

Heshima. Kiongozi mzuri wa jumuiya hubisha hodi jioni, akaacha mfuko, akaondoka. Ninachokikataa kwa moyo wote ni picha: bibi wa miaka sabini kapangwa mstari kuushika mfuko wa sukari mbele ya simu ya mtu. Aliyetoa amepata sifa, na bibi ameuza uso wake kwa kilo mbili.

Kudumu. Msaada huu hujaa Ramadhani, Kwaresima, Idi na Krismasi, ukapungua katikati. Kwa dharura, moto, mafuriko au maiti iliyokwama mochwari kwa deni, hufika mapema kuliko wote. Kwa ada na chakula cha mwaka mzima si wa kutegemea. Na asiye muumini wa hapo hupata kwa ihsani ya mtu, si kwa utaratibu. Unamfaa zaidi mgeni mtaani asiye na ukoo karibu, na mzee aliyebaki peke yake.

Serikali

Mtoaji. TASAF ilianza mwaka 2000. Ule mpango wa kaya maskini tunaoujua sasa ni awamu ya tatu, iliyozinduliwa 2012, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa 2020. Fedha zake ni za serikali na wafadhili, zikiwamo za mikopo ya Benki ya Dunia. Maana yake analipa muuza sabuni wa leo na mjukuu wake wa kesho, na ridhaa yao inapitia kura tu. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza maswali magumu, kwani ni fedha yetu. Si zawadi ya mgombea yeyote, hata akiitangaza jukwaani kana kwamba imetoka mfukoni mwake.

Mwamuzi. Utaratibu ni kwamba kaya zinatajwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, wanajamii wenyewe wakisema nani hana. Kisha dodoso linajazwa, majibu yanachakatwa, na orodha inarudi kwenye mkutano kuthibitishwa. Kwenye karatasi, hatua ya kwanza na ya mwisho ni majirani, yaani kile hasa tunachokipenda. Udhaifu huingia majirani wasipokwenda. Mkutano wa watu thelathini katika kijiji cha mamia huzaa orodha ya hao thelathini na jamaa zao. Mwaka 2016 uhakiki uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili nchini, zile tulizoziita kaya hewa.

Wapo wanaosema hawaendi kwenye mikutano kwa sababu ni siasa tupu. Nawajibu kwa historia ya mji wetu. Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikutana hapa Tabora kuamua kama iingie uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Sharti lilikuwa la dhuluma na wengi walitaka kususa. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora School, aliwashawishi waingie, na wagombea waliowaunga mkono wakashinda. Mpaka leo tunauita Uamuzi wa Busara. Anayesusa mkutano wa kijiji amemwachia kalamu yule asiyemwamini.

Deni la mpokeaji. Hapa wenzangu wa mila wengi wanakosea. Wanasema TASAF inalea uvivu, lakini ruzuku ya watoto ina masharti: wadogo wahudhurie kliniki, wakubwa wahudhurie shule. Wenye nguvu katika kaya hupangiwa ajira za muda hadi siku 60 kwa mwaka, wakichimba lambo, kutengeneza barabara au kupanda miti. Hiyo ni jembe mkononi, kama methali yetu ya mgeni wa siku ya tatu inavyotaka. La kuuliza ni kama masharti yanasimamiwa kweli kijijini kwenu.

Heshima. Jina lako linasomwa hadharani kwamba wewe ni kaya maskini, na hilo linauma. Kwa upande wa pili, fedha inayokuja kila baada ya miezi miwili haina wifi wa kukusimanga. Mjane aliyegombana na ukoo ataniambia kipi bora, na nitamsikiliza.

Kudumu. Serikali ndiyo pekee inayoweza kubeba ukame wa wilaya nzima. Lakini ruzuku ni ndogo, mpango una awamu, na kaya zilizoinuka huhitimu na kuondolewa.

Kuna milango mingine miwili ya serikali ya kutazama. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba na iliwekwa kisheria 2018. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejea 2024. Mtu wa mila anaweza kuipenda, kwa sharti moja: irudi. Kikundi kisichorejesha kimekula zamu ya kikundi kinachofuata. Zanzibar nako kuna pensheni jamii tangu 2016, kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Haina orodha ya kugombania wala aibu ya kuitwa maskini, ila tajiri naye huipokea. Binafsi bado napendelea ulengaji kwa wenye nguvu, na kwa wazee waliochoka naelewa kabisa kwa nini Wazanzibari walichagua hivyo.

Uamue kwa hali uliyonayo

Kama mhitaji ana nguvu na kashamba, ukoo umlindie ardhi, umlipie hisa za mwanzo kikundini, kisha umwachie. Kumlisha mtu anayeweza kulima kunamharibu yeye na kumchosha anayetoa.

Kama ni bibi anayelea wajukuu yatima, usitegemee njia moja. Hakikisha jina lake linatajwa mkutanoni, hata kama ni wewe wa kulitaja kwa sababu yeye anaumwa. Ukoo au jumuiya imkatie kadi ya bima ya afya. Ile ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilianza kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita.

Kama wewe ndiye mwenye mshahara na simu haiachi kulia, weka kiwango cha mwezi, kitangaze kikaoni, na kikiisha sema kimeisha. Nyumba yako nayo ni familia.

Kama ukoo umegawanyika au umemnyang'anya mjane, usimrudishe huko kwa jina la mila. Mpeleke baraza la ardhi la kijiji, na chakula chake kipitie jumuiya na TASAF mpaka shauri liishe.

Kama umehamia mjini hivi karibuni, tafuta kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wako kabla hujafiwa.

Kama ukame umepiga wilaya yote, acheni kulaumiana ukoo kwa ukoo. Nendeni kwa mkuu wa wilaya kwa pamoja.

Kwa mjane wa binamu yetu, tulianza na mipaka ya shamba. Mashemeji wawili walikuwa wameanza kulima upande wa mbugani, wakakubali kurudi nyuma baada ya mavuno. TASAF aendelee nayo, ni haki yake. Elimu ya sekondari haina ada hadi kidato cha nne tangu 2016, kwa hiyo tuliandika sare, daftari na nauli tu, tukagawana watu sita. Dada zetu wawili watamlipia hisa za mzunguko mmoja. Baba mkubwa akataka daftari liwe na nakala mbili, na nakala ya pili apewe mjane mwenyewe aishike, ili yeye ndiye atusomee kikao kijacho nani ametoa na nani bado.